Wingi wa Heshima

Mwezi uliopita Zuhura alirudi Bariadi kwa siku mbili, akasimama mbele ya watu wa dawa wa mkoa mzima, akanisifu. Sijawahi kuudhika kiasi kile huku nikitabasamu. Alikuwa ametumwa kutoka Dodoma kuja kutufundisha namna hospitali inavyopaswa kuipima dawa kabla ya kuiruhusu ikae kwenye rafu zake, na kama kawaida yake hakusimama nyuma ya meza. Alitembea katikati ya viti kama mtu anayepitisha chai harusini. "Katika mkoa huu," alisema, "mtu wa kwanza kuandika kwamba dawa ya kansa inaweza kuwafaa watoto wa selimundu si mimi. Ni dada Kabula, yule pale mwenye kilemba cha njano. Mimi nilimkuta." Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja aliyetoka Maswa akageuka kunitazama kama vile nimefufuka. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima, na moyoni nikasema: hata hili, Zuhura? Hata kunisifu umenizidi? Maana mimi, kama ningepewa kipaza sauti kile, nisingemtaja. Akausimulia mwaka ule wote tuliofanya kazi pamoja kwa Kiswahili chake cha Tanga kisicho na kokoto hata moja: kikao, fomu, msichana wa kwanza kuimeza kapsuli, alivyonenepa na kurudi shule. Aliruka jambo moja. Aliiruka miezi minne ambayo msichana huyo hakuonekana hospitalini. Ukumbini hakuna aliyejua kwamba kuna kilichorukwa. Mimi nilijua, kwa sababu aliyesababisha ni mimi, na tangu siku ile sijatulia, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ya wazazi wangu na ng'ombe wa babu nitayaacha, hayahusiki. Mwaka huo mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, vibao vya ofisi vinanuka rangi, na watumishi wanaletwa kutoka kila pembe ya nchi, wanashuka stendi na kuuliza vumbi hili huisha lini. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, fundi sanifu dawa katika hospitali ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa wengi tuliofanya kazi pale bado tunasalimiana. Mfamasia mwenye shahada hatukuwa naye. Kwa miaka miwili stoo ya dawa ilikuwa mikononi mwangu, na funguo zake nilizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilikuwa pia katibu wa Kamati ya Dawa na Tiba, watu sita waliokutana kila baada ya miezi mitatu katika chumba kidogo nyuma ya maabara, chenye meza ndefu, feni isiyozunguka, na chupa ya chai iliyokuwa inavuja upande wa anayemimina. Kazi ya kamati ni kuuliza maswali. Dawa mpya ikiombwa, au dawa ya zamani ikiombewa kazi mpya, fomu inajazwa: inatibu nini, nani amethibitisha, ina madhara gani, tunacho kipimo cha kuyaona madhara hayo mapema, na hii tuliyo nayo imeshindwa nini. Niliyapenda maswali yale kuliko nilivyowapenda watu wengi. Daktari Masanja, mganga mfawidhi na mwenyekiti wetu, mtu mrefu mwenye utani mkavu, alizoea kusema, "Kabula akikaa mlangoni, hata panadoli inaingia imevua viatu." Alisema kwa kunitania, mimi nikakichukua kama cheo.

Kurasa za mwisho za kaunta buku la stoo zilikuwa zangu. Watoto wa selimundu, au sikoseli kama mama zao wanavyosema, ni wengi kwetu huku. Wanakuja na macho ya njano na mifupa inayowauma, tunawapa vidonge vya foliki na dawa ya maumivu, na damu ikipatikana wanaongezewa. Wanarudi nyumbani, kisha wanarudi tena kwetu. Niliandika kila anayerudi. Jina lililojirudia kuliko yote lilikuwa la Nkwimba, msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka Kiloleli, mwenye mwili wa miaka saba na ulimi wa miaka arobaini. Alikuwa akisimama dirishani kwangu, kidevu hakifiki ubaoni, na kuuliza, "Dokta, foliki za mwezi huu zimeungwa na nini? Maana za mwezi uliopita zilikuwa chapwa." Kwa ajili yake, sioni aibu kusema, nikaanza kusoma kwenye simu yangu jioni hadi chaji inakwisha. Ndipo nikakutana na haidroksiurea, kapsuli wanazopewa wagonjwa wa kansa ya damu, ambazo kwingineko zilikuwa zimepimwa upya na kuonekana kwamba kwa kiasi kidogo huwapunguzia wenye selimundu yale maumivu ya ghafla. Nikaliandika jina lake, nikaandika maswali yote ya fomu chini yake, nikayajibu yote isipokuwa moja. Mashine ya kuhesabu chembe za damu ilikuwa mbovu, na dawa ile bila kipimo hicho haigusiki. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa ya kukaa kimya. Lakini mwezi wa pili mashine ikatengenezwa, na bado sikusema kitu. Niliogopa kuambiwa fundi sanifu anajifanya daktari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Mimi nilikuwa mzima kabisa. Zuhura alifika mwezi wa tatu na mabegi mawili, mbuzi ya kukunia nazi, na shahada ya ufamasia. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Getini alimuuliza mlinzi aiweke wapi mbuzi yake, na mlinzi, Msukuma mwenzangu, akaanza kutafuta kamba na kivuli cha kumfungia mnyama. Hospitali nzima ilicheka wiki nzima, naye alicheka kuliko wote, na kwa kicheko kile akawa amezaliwa Bariadi. Mimi niliyezaliwa hapa sijawahi kuchekwa kwa mapenzi namna ile. Siku ya pili Daktari Masanja akaniambia, kwa upole, "Kabula, mkabidhi mwenzio funguo." Nikazivua shingoni mbele ya watu. Kamba ikashika kwenye hereni, na Zuhura ndiye aliyenisaidia kuinasua, vidole vyake vinanukia karafuu, akisema, "Pole, dada yangu, taratibu, usijichane." Nilimchukia kuanzia hapo, na ubaya wake ni kwamba hakunipa sababu.

Tulipangiwa nyumba moja, vyumba viwili na sebule katikati, jiko nje kwenye kibanda cha bati. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo na kalenda. Chumba chake, ndani ya siku tatu, kilikuwa na pazia la kanga, mkeka, kijichungu cha udi, na rafu aliyoiunda kwa maboksi ya dripu akayavika karatasi ya rangi. Maboksi yale nilikuwa nimeyaona kila siku kwa miaka miwili na kuyaita takataka. Alipika wali kwa nazi alizozitafuta sokoni kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka, na majirani wakaanza kupita kuuliza habari saa ile ile ya chakula. Mimi nilikula ugali na nsansa, majani ya kunde makavu yaliyoungwa karanga, na siku nyingine matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa juani mpaka vinatafunika kama ngozi yenye sukari. Kupitia ukuta nilimsikia akiongea na mama yake kwa simu. "Hapana mama, kuna dada hapa ananiangalia vizuri, anaitwa Kabula. Hodari huyo, mama, ungemuona." Nilikuwa nimesimama na sahani mkononi, nikitaka asikie kwamba nami nina mtu wa kumpigia. Sikuwa naye.

Ni matobolwa yaliyoniponza. Jioni moja, mvua za masika zimetufungia sebuleni, alinyoosha mkono kwenye sahani yangu bila kuombwa, akatafuna, akafumba macho. "Mwenzangu, hiki kitu mnakificha kwa nini?" Nikacheka, na nikicheka huwa nasema. Nikamwambia habari za Nkwimba. Nikamletea kaunta buku, nikamuonyesha kurasa za nyuma, mistari yangu yote, maswali na majibu. Alisoma, kidole kikifuata mwandiko wangu. "Kabula, hii imeiva," alisema. "Kwa nini haijafika kamatini?" Nikamjibu kwamba mashine ilikuwa mbovu. "Na sasa?" Nikasema nitaona. Akaniomba ruhusa ya kuyanakili. Nikasema nakili tu, kwa sauti ya mtu asiyejali, na usingizi ukaniruka kwa kujali.

Kikao cha mwezi wa sita nakikumbuka hadi harufu yake, chai ya tangawizi na spiriti ya maabara. Zuhura alisimama na fomu. "Tumeona," akaanza, "kwamba wako watoto wanaorudi kwetu kila mwezi kwa maumivu yale yale. Tumewahesabu. Tumejiuliza kama dawa iliyozoeleka kwa kazi moja inaweza kupewa kazi nyingine." Akaendelea hivyo, tumesoma, tumelinganisha, tumeridhika. Kila "tu" ilinichoma. Mimi nilikuwa pale, mita moja kutoka kwake, nimemezwa na silabi moja. Daktari Masanja aliuliza maswali yote niliyokwisha kuyajibu kwenye kaunta buku, naye akayajibu kwa majibu yangu, yakiwa yamepigwa pasi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Ningeweza kunyoosha mkono. Ningeweza hata kuandika jina langu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Badala yake niliandika, kwa herufi nzuri kuliko kawaida, "Mfamasia aliwasilisha." Nilitaka niombwe. Nilitaka mtu mmoja ageuke aseme, Kabula, hili si lako? Hakuna aliyegeuka, na kamati ikapitisha haidroksiurea kwa majaribio kwa mgonjwa mmoja kwanza, Nkwimba, kwa sharti la kupimwa damu kila mwezi. Ndipo mwenyekiti akakuna kidevu. "Nani atamweleza mama yake? Kiswahili cha yule mama ni cha kununulia chumvi." Wote, sasa, wakageuka kwangu. "Kabula anawajua watu wake," alisema. "Mfamasia ataeleza, Kabula atatafsiri."

Kwa hiyo wazo langu likanirudia nikiwa mkalimani wake. Wiki iliyofuata, chumba namba nne, Nkwimba alikuwa amelala kitandani baada ya sindano ya maumivu, mdomo wazi, na mama yake amekaa kwenye benchi na kikapu mapajani. Mama Nkwimba alikuwa mwanamke mwembamba, mlima pamba, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize. Zuhura alivuta kiti karibu naye. "Mwambie," aliniambia, "hii ni dawa iliyojulikana kwanza kwa kazi nyingine, sasa imeonekana inawasaidia watoto kama Nkwimba wasiumwe mara kwa mara. Mwambie tutamchunga, kila mwezi tutapima damu. Mwambie kapsuli asiifungue." Nikamgeukia yule mama na kumwambia kwa Kisukuma kwamba hii ni dawa ya kansa. Nikasema ndiyo wanayopewa wenye kansa ya damu, na kwamba inashusha chembe za damu, ndiyo maana lazima mtoto achomwe sindano ya kipimo kila mwezi, na kwamba asiguse unga wake kwa mkono kwa kuwa ni dawa ya kansa. Mwishoni kabisa, kwa ufupi na sauti ikiwa imeshuka, nikasema inasaidia pia maumivu. Hakuna neno la uongo nililolisema. Fomu ingenipa alama zote. Na muda wote huo nilikuwa namtazama Zuhura, nikisubiri nione uso wa mtu ambaye jambo lake linaharibika.

Mama Nkwimba akaukunja ukingo wa kitenge chake. Akauliza swali moja: "Na bing'we, mngempa wa kwenu?" Bing'we ni ninyi. Kwetu mtu wa heshima husemeshwa kwa wingi hata akiwa mmoja. Hata salamu yetu ya asubuhi, mwangaluka, imejengwa kwa wingi huo. Nikajua ananiuliza mimi. "Amesemaje?" Zuhura akauliza. "Anasema atafikiri," nikasema. Zuhura akatikisa kichwa taratibu, akaweka chupa ya kapsuli mezani, akaniangalia, nami nikamwangalia, na katikati yetu yule mtoto anakoroma kidogo. Walipoondoka siku mbili baadaye, chupa ilibaki mezani.

Mwezi wa saba Nkwimba hakuja. Mwezi wa nane, wa tisa. Dirishani kwangu hakuna aliyelalamika kwamba foliki ni chapwa. Nilijiambia ni pamba, watu wote wako mashambani na minadani, kisha pamba ikaisha. Kilichonikera kuliko yote ni kwamba Zuhura hakunilaumu. Alijilaumu mwenyewe. "Lugha ndiyo imeniangusha," alimwambia Daktari Masanja, "najifunza." Na kweli akaanza kujifunza, kwa daftari, kwa wapishi, kwa mlinzi wa mbuzi. Asubuhi ananiamkia mwangaluka, akipewa kitu anasema wabeja, na akina mama foleni nzima wanashangilia kama mtoto aliyetembea. Kisukuma, kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho, akaanza kukila kidogo kidogo kama alivyokula matobolwa yangu. Jumapili moja akaja chumbani kwangu na daftari. "Kabula, nifundishe ulivyomwambia mama Nkwimba. Neno kwa neno. Siku akirudi nataka nimwambie mwenyewe." Nilikaa kitandani nikamfundisha sentensi ambayo sikuwahi kuisema: hii ni dawa ya kuisaidia damu, itampunguzia mtoto maumivu. Bugota ni dawa, nikamwambia, andika hivyo. Akaandika, akarudia mara mbili, matamshi mabaya. Kisha akainua kalamu. "Kuna neno moja silioni hapa." Nikamuuliza lipi. Alinitazama kidogo. "Basi," akasema, "labda nimechanganya." Akafunga daftari. Mimi nikashukuru Mungu kwamba mtu wa Tanga hawezi kushika Kisukuma kwa siku moja.

Mwezi wa kumi, muuguzi mmoja aliyekuja na gari la chanjo alisema Kiloleli kuna msichana wa sikoseli ameshikwa vibaya na maumivu ya nyonga, hasimami. Hakusema jina, nami sikuhitaji jina. Gari lilikuwa linarudi kesho yake kupitia Lamadi hadi Nassa, upande huo huo wa Kiloleli. Zuhura akasema twende wote. Nikamwambia hapana, kule ni kwetu, mimi nitaongea nao vizuri zaidi. Aliitikia haraka mno, nilidhani ameniheshimu. Njia nzima nilikaa mbele na dereva, nikiwa na chupa ile ile ya kapsuli kwenye mkoba, na nilikuwa naomba kitu ambacho sijawahi kukiomba tena, kwamba nimkute mtoto hai hata kama mama yake atanitukana. Nilimkuta hai. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka chini ya dirisha, mguu mmoja umekunjwa, na aliponiona akasema kwa sauti ya karatasi, "Dokta umetoka dirishani leo?" Mama yake alikuwa anabangua karanga. Hakusimama. Alinisogezea kigoda, akanipa kibakuli cha maziwa mgando, akanisubiri nimalize kunywa, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyofanyiwa, hata mgeni wa aina yangu.

Nikasema upya. Safari hii nilianza na mtoto, nikafuata maumivu, nikafuata dawa, na kansa nikaitaja mahali pake, kwamba ndiyo kazi yake ya kwanza na hii ni ya pili, na kwamba Nkwimba hana kansa. Nikamwomba radhi kwa kumtisha na neno lile. Mama Nkwimba akaendelea kubangua. "Sikuogopa kansa," akasema mwishowe. "Kansa naijua, ilimchukua mama yangu mdogo, nilimuosha mwenyewe. Niliogopa bing'we. Maneno yenu yalikuwa ya dawa, macho yenu yalikuwa ya ugomvi. Nitampaje mwanangu dawa iliyoshikwa na ugomvi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa ujinga wa mtu asiyesoma, nikakuta amenisoma mimi. Kisha akauliza tena lile swali lake, mngempa wa kwenu? Nikasema ningempa. Akanitazama mpaka nimalize, ingawa nilikuwa nimeshamaliza. "Basi tutakuja na gari lenu."

Alianza kapsuli wiki ile ile. Damu yake tuliipima kila mwezi, na kurasa zake kwenye kaunta buku zikaanza kubaki nyeupe. Nyonga haikurudi kama ilivyokuwa. Hadi leo anachechemea mguu wa kushoto. Ingeharibika hata kama angeanza dawa mwezi wa sita? Nimeipima habari hii mara nyingi, kwa maswali yote ya fomu, na jibu halitoki, na mtu yeyote wa dawa atakuambia kwamba kwa mgonjwa mmoja halitoki kamwe. Zuhura aliponiuliza kilichowachelewesha, nikasema pamba. "Ahaa," akasema, "pamba." Mwaka uliofuata akahamishwa, akaniachia funguo, rafu ya maboksi na mbuzi ya nazi, na kwenye fomu ya maombi ya dawa nikaongeza kwa mkono swali ambalo halikuwepo: nani atamweleza mgonjwa, na je, anamtazama?

Sasa mwezi uliopita. Baada ya mafunzo tulikaa ukumbini, viti vimeshaanza kukunjwa, sahani ya matobolwa kati yetu. Nilikuwa nimemletea, sijui kwa nini. Nkwimba alikuja kumsalimia. Ni mwanamke sasa, fundi cherehani hapa mjini, na kila mwezi kwa zaidi ya miaka kumi anachukua kapsuli zake mkononi mwangu. Kwangu husema, "Za leo, dokta." Alipomuona Zuhura alilia, akamwita mayu, mama, akamkumbatia hadi miwani ikapinda. Nilisimama pembeni nimeshika sahani. Najua umri wangu, najua mvi zangu, na nasema bila kuficha kwamba wivu ulinipanda kama kiungulia. Nkwimba alipoondoka, Zuhura alimfuata kwa macho, ule mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, mpaka mlango ukajifunga.

"Mbona ile miezi minne uliiruka?" nikamuuliza.

"Ningeanzaje kuisema mbele ya watu? Ni aibu."

"Aibu yangu."

"Yako peke yako?" Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kansa haina Kisukuma chake, Kabula. Nilikusikia siku ile. Mara tatu umesema kansa. Nikasubiri useme na maumivu ya mtoto, ukachelewa, na uso wa yule mama nikauona unajifunga. Nilijua unachokifanya. Ningekugusa tu mkono, ungeacha. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kila siku Daktari Masanja, Kabula anawajua watu wake, Kabula anawajua watu wake. Akina mama wananipita mimi wanakuja kwako. Mimi nimetoka kwetu huko, sijui hata kusalimia. Nikasema mwache akosee, waone kwamba mwenyeji naye hukosea. Nilikuwa nakuonea wivu." Sauti yake ya Tanga ilikuwa imepata kokoto. "Na Kiloleli sikwenda kwa kuwa niliogopa yule mama angenitazama."

Nilikaa. Nikakumbuka karanga, kigoda, kibakuli cha maziwa. Niliogopa bing'we. Macho yenu. Miaka yote hiyo nilidhani ni wingi wa heshima. Mama Nkwimba alikuwa hanipi heshima yoyote, alikuwa anahesabu. Nikamwambia Zuhura neno lile kama lilivyosemwa, naye, ambaye Kisukuma chake bado kimo kichwani, akalirudia polepole.

"Bing'we," akasema. "Ninyi."

"Ninyi."

"Wawili."

"Wawili."

Kosa lile nilikuwa nimelibeba peke yangu kwa zaidi ya miaka kumi. Funguo alizichukua, wazo tukachangia, Kisukuma akakila, Nkwimba anamwita yeye mama. Hili ndilo lilikuwa langu mwenyewe, zima, na nimelitunza kuliko nilivyotunza stoo. Na sasa alikuwa amekaa mbele yangu, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, anaomba na hapo apewe sehemu. Nilimtazama kwa muda, yeye, uso wake, na si jambo lake. Kisha nikamsogezea sahani.

"Nusu," nikamwambia. "Si zaidi."